Nilimwondolea Binti Jembe Asome, Sasa Haongei

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nivumilie tu, naomba msaada maana sina wa kumwambia, mimi ni mjane wa Kitura, huku Mbinga, nimebaki na binti yangu Aurelia, yuko kidato cha nne, na kila msimu wa kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, tulikuwa tunapanda wawili, tunafukia majani kwa udongo huku tunapiga soga mpaka mgongo unasahau kuuma, sasa mwaka huu kwa sababu ya mtihani nikamwambia mwanangu weka jembe chini, likizo hii kaa nyumbani usome, nilidhani nampumzisha, lakini nikirudi jioni namkuta kitabu kiko palepale, chakula hajagusa, tumbo linamuuma na zahanati hawaoni kitu, juzi akanifuata shambani na jembe lake nikamfukuza mbele za watu, nikamwambia unataka kuzeeka na dhiki kama mimi, akageuka tu, jana akaniambia, "Mama, bora nisingezaliwa," nikanyamaza kwa hofu, sasa nyumba nzima kimya, kila mtu na upande wake, nimekosea wapi?

Mama Aurelia, Kitura

Pole sana, Mama Aurelia. Pole, lakini nakugombeza pia. Mtoto anatamka neno zito vile, wewe unanyamaza? Leo hii muulize waziwazi: "Unafikiria kujidhuru?" Kumuuliza hakutamtia wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo, mpeleke hospitali. Kama una dawa za kunyunyizia kahawa, ile ni sumu, zitoe humo ndani sasa hivi, hata akisema hapana. Shule ikifunguliwa, nenda naye kwa mwalimu wa malezi.

Halafu tuambiane ukweli. Ulimwondolea kazi, ukamwondolea na mtu wa kuongea naye. Kutwa anatazamana na kuta, na akikutafuta unamfukuza! Jamani! Najua ulitaka mema. Mwombe radhi, hutapungua kitu. Jumamosi pandeni nyote wawili mlimani, na huko mtihani usiutaje kabisa. Mwambie nawe umemkumbuka, maana umemkumbuka, barua yako yote inalia hivyo. Asipojibu usimjazie maneno, endelea kufukia karibu naye.

Akifeli, mtihani atarudia. Mtoto mwingine huna, mama. Weka gazeti chini, nenda kakae naye.