Mwanafunzi wa Arobaini

Jumapili mchana, baada ya kufua

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, goti limetulia, na ile dawa ya kuchua hujaigawa kwa jirani kama ulivyoigawa ya kwanza. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako amerudi safari juzi, anakusalimu sana, na sasa hivi ninavyoandika amelala kama gogo. Mjukuu wako, somo yako, ni mzima wa afya na anakua kwa fujo, hata viatu vya mwezi wa tatu havimwingii tena.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Mama, simu nimeishika mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeirudisha mezani. Tangu ile likizo niliyokufokea jikoni kwako kwa ajili ya mtoto, nikafunga mizigo na kuondoka siku mbili kabla ya siku yangu, tumekuwa tukisalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia nikate nisimalize salio. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Basi vaa miwani, kaa mahali pazuri, nikupe kwanza habari za shule, maana hayo mengine yamo humohumo.

Ulipokuja kunitunza nilipojifungua, miaka minne iliyopita, uliiona shule yetu: watoto viziwi kumi na saba na walimu watano. Ulitucheka ukasema kwa hesabu hiyo kila mwalimu angeweza kuwabeba wanafunzi wake mgongoni. Sasa mambo yamegeuka. Watu wameona kwamba mtoto kiziwi akifundishwa anafundishika. Mmoja akimwona wa jirani anaandika jina lake, kesho naye anakuja na wa kwake. Tukafika ishirini na nne, tukafika thelathini na moja, na muhula huu tulifungua na watoto thelathini na tisa. Walimu nao wakaenda kinyume, kama ndoo mbili za kisima kimoja. Mmoja amestaafu, mwingine amemfuata mumewe alikohamishiwa kazi, na hakuna aliyeletwa badala yao. Tumebaki watatu: mimi, yule mwalimu mrefu wa darasa la juu, na mwalimu mkuu, ambaye watoto na wakubwa tunamwita Tuvumiliane, maana hajawahi kufunga kikao bila neno hilo. Chaki zimekwisha, tuvumiliane. Bati linavuja, tuvumiliane.

Mimi nikapewa madarasa mawili, la kati na la wadogo, ndani ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa kabati. Sasa fikiria. Mwalimu wa shule nyingine angeweza kukaa upande huu na kupaza sauti upande wa pili. Mimi nikimpa mtoto kisogo, nimenyamaza. Nikifundisha kujumlisha huku, kule wadogo kumi na mmoja wanaachwa bila neno. Nilikuwa nikikimbia kuzunguka kabati kutwa nzima, na watoto wakanitungia mzaha kwa mikono yao, wakizungusha kidole hewani kama feni. Jioni miguu ilikuwa si yangu.

Tukaandika barua ofisi ya elimu kuomba mwalimu. Akaja afisa, mtu mpole tu, akafungua rejista na kupitisha kalamu kwenye majina. Alisema mwalimu wa nne hutolewa wanafunzi wakifika arobaini, na thelathini na tisa si arobaini. Akasema pia kwamba darasa lisilo na mwalimu wake haliruhusiwi kuendelea, kwa hiyo idadi isipotimia kufikia mwisho wa mwezi, darasa la wadogo litafungwa na wale kumi na mmoja watarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Tuvumiliane alimuuliza kama kweli kichwa kimoja kinaweza kufunga darasa zima. Afisa akajibu kwamba hata yeye ana wakubwa wanaomhesabia. Siku hiyo kikao kilifungwa bila lile neno, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mama, hawa wadogo unawajua wewe? Mmoja alikuja hajui hata kwamba ana jina. Wiki ya tatu alipolielewa, alizunguka uwanja mzima akimgusa kila mtu na kujionyesha kifuani. Huyo ndiye wa kurudishwa kukaa ndani kutwa. Nilisema potelea mbali, mtoto wa arobaini nitamtafuta mwenyewe. Mpishi wetu alijitolea kuvaa sare akae nyuma ya darasa, akadai kwa urefu wake hakuna atakayegundua. Tulicheka, lakini mwezi ulikuwa unakwenda.

Nikawa kiguu na njia. Wiki tatu nzima, kila alasiri, somo yako nimemshika mkono, nikibisha mlango hadi mlango kuuliza kama kuna mtoto asiyesikia vizuri. Nilihubiri, mama. Niliwaambia wazazi kwamba kumficha mtoto si kumpenda, kwamba mzazi huwa wa mwisho kuona kwa sababu yuko karibu mno. Nikisema hayo nilijiona hodari kwelikweli. Kuna fundi cherehani mmoja alinijibu kwamba wake ni mkaidi tu. Nikatikisa kichwa kwa huruma na kuanza somo langu lote. Akaniacha nimalize, kisha akamwita mtoto kwa sauti ya chini kutoka chumba cha nyuma, na mtoto akaja mbio akiuliza kaitiwa nini. Niliomba radhi nikaondoka, aibu imenijaa. Wa arobaini hakupatikana.

Ilipobaki siku tano akaja mpimaji wa masikio. Yeye hutujia mara mbili kwa mwaka na mashine yake ndogo kuwapima wanafunzi wapya. Kazi yake ni rahisi kuieleza: mtoto anavaa hedifoni, anapewa vizibo vya soda, na kila akisikia mlio anatumbukiza kizibo kwenye kopo. Binti mmoja mgeni aliziogopa hedifoni akajificha chini ya meza. Nikasema hilo ni dogo, tumwonyeshe mfano. Nikaenda jikoni kumchukua somo yako, maana hukaa kwa mpishi mpaka nitoke darasani, nikamweka kitini ili mgeni aone kwamba haziumi.

Hapa sasa ndipo penyewe, mama.

Mpimaji alibonyeza. Mtoto alishika kizibo chake, akaniangalia, akatabasamu. Nikamfanyia ishara atumbukize, akatumbukiza. Mpimaji akaniomba nisimsaidie. Akabonyeza tena, akapandisha sauti, akapandisha tena, na mtoto akabaki na kizibo mkononi akinitazama mimi. Nikamwambia yule mpimaji kwamba mashine yake mbovu. Hakukasirika. Alimvisha mpishi, naye akajaza kopo mpaka akauliza kama kuna jingine. Akamvisha Tuvumiliane, na kwa umri ule wote alisikia hata milio midogo kabisa. Akarudi kwa mtoto, ikawa vilevile. Ndipo akaniomba nisimame nyuma ya kiti, mikono nyuma ya mgongo, nimwite mwanangu kwa jina lake.

Nilimwita. Nikamwita tena. Mara ya tatu niliita kwa sauti iliyomfanya mwalimu mrefu atoke darasani kuja kuona kuna nini. Mtoto aliendelea kupanga vizibo mezani, kimoja kimoja, akivihesabu kwa vidole.

Mama, mjukuu wako ni kiziwi. Mpimaji anasema husikia vishindo vizito tu, mlango ukibamizwa au lori likipita, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakinidanganya. Lakini kilichonidanganya zaidi ni mikono yangu mwenyewe. Kutwa nasema kwa mikono kazini, na nikirudi nyumbani sikuwahi kuizima. Nikimwita kula, mkono umeshakwenda mdomoni. Nikimwambia alale, kiganja kiko shavuni. Baba yake naye nimemwambukiza. Shuleni hata mpishi huwaita watu kwa kupunga mwiko. Mtoto alitutii wote, akatujibu wote, nami nikajisifu kwamba nina mtoto mwepesi kuelewa, ila anachelewa kusema kama baba yake alivyochelewa. Kila mahali alipoishi paliongea lugha yake, isipokuwa kwako.

Na kwako ndiko ilikoonekana. Uliniambia kifuniko cha sufuria kilianguka nyuma yake na hakushtuka. Uliniambia kwa upole, huku ukichambua mchele, nimpeleke akapimwe. Nami mbele ya wadogo zangu nikakuuliza wewe hayo umesomea wapi, mimi mwenye cheti, mimi ninayewapima watoto wa wenzangu kwa macho. Nakumbuka uliendelea kuchambua mchele. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi nilizidi, hata mgonjwa sikumwona. Nisamehe, mama. Na ile methali ya mkuu na guu usinitajie, nimeshajitajia mwenyewe wiki nzima.

Nililia siku mbili, sitakuficha. Siku ya tatu niliamka, nikamvisha sare iliyopwaya, nikaenda ofisini kwa Tuvumiliane na cheti cha mpimaji. Alifungua rejista, akaniuliza kama nina hakika. Nikaichukua kalamu, nikaandika mwenyewe. Namba arobaini, jina lake, na kwenye nafasi ya mzazi, jina langu. Nimewaandikia wazazi wengi katika rejista ile na kuwaambia wasiogope, lakini sikujua kwamba kalamu huwa nzito kiasi kile.

Darasa la wadogo halikufungwa. Mwalimu mpya amefika Jumatatu iliyopita, binti mcheshi mwenye mikono myepesi, na somo yako yuko kwake, kwa sababu nimeona heri mtoto apate mwalimu na abaki na mama. Kabati tumeliondoa, wadogo wamehamia chumba cha stoo kilichopakwa chokaa upya. Kifaa cha kumsaidia kusikia tumeagiza. Na mama, niamini nikikwambia kwamba tumetulia. Sasa tunaongea naye tukijua kwamba tunaongea, na maneno yanamtoka mikononi kama amefunguliwa bomba. Juzi kanisimulia ugomvi wa kuku wawili, mwanzo mpaka mwisho, na nani alianza. Nilikuwa sijui kwamba ni mmbeya.

Jambo moja la mwisho. Hapa shuleni kila mtu hupewa jina la alama, na humpi mtu jina hivihivi, unalitoa kwenye kitu chake mwenyewe. Mwalimu mpya aliwaambia watoto wawape majina watu wa nyumbani kwao. Ilipofika zamu ya somo yako, alimpa jina baba yake, akanipa mimi, kisha akajigonga bega polepole mara mbili kwa vidole. Mwalimu hakuelewa, akaniita. Nikamuuliza mtoto, huyo ni nani? Akachukua simu yangu, akanionyesha picha yako.

Nilikaa nikafikiri mpaka nikakumbuka. Likizo nzima wewe hukumwita kwa mdomo. Ulikuwa unanyanyuka na goti lako hilo, unavuka ua, unamgonga bega mara mbili, anageuka, ndipo unasema naye. Hilo ndilo jina lako hapa, mama. Wadogo wote kumi na wawili wanalijua.

Wasalimie wadogo zangu, na waambie nilikosea, uwaambie kwa sauti ileile niliyoitumia mimi. Mkwe wako ameamka, anauliza kama nimekwambia kwamba likizo hii tunakuja wote watatu, na siku zetu tutazikamilisha. Mjukuu wako anakuamkia kwa mikono miwili.

Ni mimi mwanao,
Mama wa somo yako