Krosi za Jioni

Bweni la wavulana,
Alhamisi mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba pia, shikamoo Baba. Najua umekaa kwenye kiti chako cha karibu na mlango na umeshamwambia dada apunguze redio ili barua isomwe. Mimi ni mzima, nakula, nasoma, na kile kikohozi nilichoondoka nacho likizo kimenichoka chenyewe. Nanyi je? Goti la Baba linaendeleaje? Na yule mteja wako, dada, anayebadilisha mshono kila akija kujaribu gauni, amelichukua hatimaye au bado mnavutana? Nisalimieni majirani wote, hata yule mama wa genge anayesema nimekonda kabla hajageuka kunitazama.

Baba, najua unachosubiri ni mpira. Jumamosi iliyopita tulicheza ugenini, mchana, jua linawaka, tukashinda. Mshambuliaji wao alinijia peke yake, ana kwa ana, uwanja mzima umesimama. Nikamfuata miguuni nikauchukua mpira taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto wembe. Bado wananiita Komeo. Dada, hapo mrudilie Baba, najua atataka kusikia mara ya pili.

Sasa mstari huu usiusome kwa sauti. Unaposoma, macho yako huwa yameshautangulia mdomo, kwa hiyo umeuona kabla hujautamka. Mwambie Baba salamu zimeisha, yaliyobaki naulizia mashuka yangu. Kisha nenda ukamalizie kwenye chumba cha cherehani, na mlango uurudishe.

Dada, naogopa. Nimechagua kukuandikia mchana kwa sababu mchana naogopa kidogo. Jua likianza kushuka naiweka kalamu chini.

Nianzie mbali ndiyo niweze. Mwaka huu kombe la vyuo lilikuwa letu hata kabla ya mechi ya kwanza. Pale ukumbini wameweka kabati la vioo, jipya, halina kitu ndani, na mkuu wa chuo akipita na wageni huwaonyesha kabati lenyewe na kuwaambia kombe liko njiani. Kwa furaha hiyo wakatufungia taa uwanjani, mechi za nyumbani zikahamia jioni ili na wafanyakazi wapate kuja wakishatoka kazini. Siku taa zilipowashwa watu walipiga makofi kama wameona jua likichomoza mara ya pili. Mimi nilikuwa golini. Nilipiga makofi kwa kuwa wenzangu walipiga.

Tangu siku hiyo hatujashinda nyumbani. Ugenini, mchana, tunafunga tunavyotaka. Tukirudi kwetu tunafungwa na timu ambazo mwaka jana zilikuwa zinakuja na kuomba zisiaibishwe sana. Chuo kizima kinatucheka. Bwenini wanasema sisi ni kama bwana harusi anayejua kucheza kwenye harusi za wenzake tu. Mpishi wa kantini akinipakulia huniuliza kama sahani nitaidaka au aiweke mezani kabisa. Nacheka nao. Ukishakuwa mtu wa haya kama mimi, dada, kucheka ndiyo njia ya haraka ya kuachwa uondoke.

Mabao yote yanaingia namna moja. Hayatoki mbele, yanatoka pembeni: kona, krosi, mpira unaorushwa kutoka mstarini. Beki wetu wa kati tunamwita Redio, maana hazimiki, hata usingizini anatangaza. Jioni nacheza kwa mdomo wake. Akisema kulia kwako, naruka kulia. Akisema yako, natoka. Akisema acha, naacha. Watu walidhani tunaelewana kama mapacha. Kisha Redio akapata mafua, sauti ikamkauka, na jioni ile wakatufunga mpaka watazamaji wetu wakaanza kuwashangilia wageni.

Baada ya mechi Redio alinitania kwa kile kisauti chake cha kukwaruza kwamba leo komeo lilikuwepo ila mlango ndio haukuwepo. Wote wakacheka. Walipotoka akabaki, akakaa karibu yangu, akaniuliza polepole kama ile krosi ya mwisho sikumsikia au sikuiona. Nikamwambia taa zilinipiga machoni. Akainama akafungua kamba za viatu vyake. Kisha akasema taa zilikuwa nyuma yangu.

Sasa ubaya umemwangukia Kocha. Kamati ya michezo inasema anatufundisha vibaya, kwamba timu imezeeka mikononi mwake. Jumamosi hii tunacheza nyumbani, jioni, na tukifungwa anaondoka. Juzi nilikuwa nakusanya mipira nje ya ofisi yake, dirisha liko wazi, nikasikia wanamwambia basi angalau abadilishe kipa. Kocha akawajibu kwamba yuko tayari kuondoka yeye kabla ya kumtoa Komeo golini, kwamba kipa kama huyu hajamwona tangu aanze kazi. Alikuwa anasema kwa hasira, anagonga meza. Nilisimama pale na neti ya mipira begani. Dirisha lilikuwa hatua chache tu. Unanijua, mimi hata chumvi mezani naona haya kuiomba, nikapita.

Dada, Kocha anafukuzwa kwa sababu yangu, na hajui.

Wakati taa zinawaka mimi naziona taa. Naziona kabisa, juu ya nguzo, kama chungwa. Ninachokosa ni uwanja. Wenzangu wanasema kumekuwa kweupe, mimi naona kiduara mbele yangu, na pembeni kote ni kama mtu amenifunika shuka jeusi akaniachia tundu la kuchungulia. Mpira ukitoka pembeni unanitokea puani. Hata mchana siku hizi napita watu njiani bila kuwasalimia, wanasema ninaringa. Nagonga viti darasani. Nimejipiga ukingo wa kitanda mguu uleule mara nyingi mpaka nimeanza kukichukia kitanda.

Nilijifariji kwa sababu mwanzoni mwa muhula tulipimwa wote, na zile herufi za ukutani nilizisoma mpaka mstari wa mwisho. Muuguzi akasema nina macho ya mwewe. Nikaishikilia hiyo. Lakini unakumbuka, tulikuwepo wote wawili siku daktari alipompima Baba. Na Baba herufi alizisoma zote, akafika chini kabisa, akamtania daktari ampe na gazeti. Ndipo daktari akamwambia amtazame puani, akaanza kuleta kidole kutoka ubavuni, akimwomba aseme akikiona. Mimi na wewe tulikiona kile kidole, dada. Kilikuja, kikaja, kikakaribia kumgusa shavu, na Baba bado alikuwa anasubiri.

Jana nilibaki peke yangu chumba cha kubadilishia nguo. Nikasimama mbele ya kioo, nikatazama pua yangu, nikanyoosha mikono pande zote mbili, nikaanza kuirudisha huku vidole nikivichezesha. Mikono ni yangu mwenyewe. Nilijua iko wapi. Lakini ilichelewa sana kufika.

Darasani tunafundishwa kwa ile lugha nyingine, na kwa lugha hiyo ningeweza kukuandikia jina la ugonjwa kama lilivyo kwenye cheti cha Baba. Kwa lugha hiyo haliniogopeshi, ni neno la mtihani tu. Kwa lugha yetu sina jina lake. Nina Baba tu. Nina lile lori lake, jinsi alivyolalamika kwamba taa zake mbovu, fundi akabadilisha balbu, akabadilisha tena, na bado Baba akasema mbovu. Nina usiku ule hakurudi, akaja kulipokucha akasema gari lilimharibikia njiani. Baadaye utingo wake ndiye aliyetuambia gari lilikuwa zima. Baba alilisogeza kando ya barabara, akazima injini, akakaa mikono kwenye usukani mpaka asubuhi. Tangu hapo viti vya nyumbani havisogezwi ili Baba asijikwae, na umeme ukikatika Baba anawacheka majirani kwamba leo nao wamehamia kwake.

Daktari alisema na watoto wapimwe. Tuliitikia kwa kichwa. Hatukwenda. Nawe jipime, dada, lakini usijipime peke yako kama nilivyofanya.

Leo mazoezini, jua likiwa bado juu, namwambia Kocha. Nimemwomba Redio asimame nami. Sikumwambia ni kwa nini, na hakuuliza. Ameapa hatafungua mdomo, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Naogopa kwamba Kocha atakasirika. Naogopa zaidi kwamba hatakasirika, atanitazama kama tulivyomtazama Baba siku ile ya kidole. Na naogopa kwamba nikishalisema litakuwa kweli, na nikishalivua lile jina la Komeo sijui wataniita nani, mimi ambaye kabla ya mpira hakuna aliyekuwa na haja ya kuniita.

Nilitaka nikuombe umfiche Baba. Ameshautangazia mtaa mzima habari za kipa wake. Lakini nimekaa na kalamu hii tangu chakula cha mchana, na kila nikimtafuta mtu wa kunieleza huku niliko kukoje, namwona yeye peke yake. Kwa hiyo fungua mlango, rudi ukakae karibu yake, umsomee yote kwa sauti kuanzia pale nilipokunyamazisha. Usiruke hata lori. Ukimaliza usiseme kitu, mwache. Kisha muulize kwa niaba yangu, yeye alimwambia nani wa kwanza, na alianzaje. Muulize usiku ule ndani ya lori alikuwa anaogopa nini hasa. Mimi nadhani najua, ila nataka kusikia kwake.

Barua hii naituma kwa basi la kesho, na Jumapili mwenyewe nitapanda la asubuhi na mapema, nifike jua lingali juu. Usije stendi, una gauni la watu mkononi. Mwambie Baba asinyanyuke, goti lake lipumzike. Na viti, dada, viache vyote hapohapo vilipo. Kutoka mlangoni mpaka kwake nimeshaihesabu njia.

Wasalamu, na upendo mwingi kwenu wote wawili.

Ni mimi mdogo wako,
kipa wa mchana.