Msumari Wangu Kwenye Santuri ya Aigbe

Mpendwa Mama Ivie wa ukurasa wa ushauri, naomba msaada wako, na kabla ya salamu acha niseme nilichokificha kwa miaka arobaini na saba, maana nikianza kukujulia hali nitapoteza ujasiri: santuri ya Aigbe Ekhator, ambayo jiji zima la Benin hapa Nigeria linasema iliharibiwa na wanajeshi, niliikwaruza mimi, kwa msumari wa inchi nne, kwa mkono huuhuu wa kulia unaokuandikia.

Nina miaka sabini na minane. Moyo wangu umechoka, na daktari wangu, mwanamke mpole aliyesoma darasa moja na binti yangu, ameacha kuniambia "tuonane mwezi ujao", siku hizi anasema "tuonane wiki ijayo", nami nilifundishwa kusoma vizuri, naelewa.

Mwaka 1978 nilikuwa mkutubi wa santuri katika kituo kimoja cha redio hapa mjini, nikiwa na shahada yangu ya Ibadan na tai tatu. Enzi hizo za serikali ya kijeshi wimbo ukipigwa marufuku santuri haikutupwa, kwa sababu nyimbo nyingine zilizokuwamo bado zilifaa. Mkurugenzi aliniletea karatasi yenye saini yake, nami nikatoa msumari uliokuwa ukining'inia kwa uzi nyuma ya mlango wa kabati, nikaupitisha juu ya wimbo ule tu, kutoka ukingoni kuelekea katikati, ili hata mtangazaji akisahau, sindano iruke na aaibike mwenyewe, kisha nikaandika kwenye jalada kwa wino mwekundu USIPIGWE, na tarehe. Nilifanya hivyo kwa nyimbo tisa katika utumishi wangu wote. Wa Aigbe ulikuwa wa tano.

Aigbe ni rafiki yangu tangu shule ya misheni. Tuliimba kwaya pamoja, tukaanzisha bendi pamoja, yeye gitaa na mimi kinanda, mpaka kazi ya redio iliponitoa jukwaani. Hata mimi niliwahi kurekodi wimbo mmoja, tuuache. Wimbo wake uliitwa "Sajini, Cheza", na ulimhusu sajini anayesimamisha gari la harusi kwenye kizuizi, anafoka, anataka kuona kila kitu, halafu besi inaanza, tarumbeta zinaingia, na sajini anaishia kucheza na bibi harusi hadi kofia yake inaanguka. Ulikuwa fanki ya kwetu hasa, yenye ngoma za kwetu chini yake, na wiki ya pili tu wanawake wa Soko la Oba walikuwa wakiuimba huku wakipima ndizi.

Amri ikaja. Nikaukwaruza. Mchana uleule nikaenda kwao Aigbe, barabara ya Siluko, nikamkuta anakula.

"Aigbe, wimbo wako umepigwa marufuku."

Akacheka na tonge mkononi. "Kwani sajini gani hajui kucheza?"

"Sitanii. Wanauliza unakaa wapi."

"Nani wanauliza?"

"Wewe unadhani nani? Choma zilizobaki, ndugu yangu. Halafu ondoka."

Santuri zenyewe zilikuwa mia tano tu, na nyingi zilikuwa bado kwenye maboksi chini ya kitanda chake. Tulizichomea nyuma ya jiko la mama yake. Santuri haiungui kama karatasi, inajikunja kama jani la mgomba motoni na kutoa moshi mweusi unaokaa kooni, na mimi ndiye niliyeshika dumu la mafuta ya taa, na mama yake alitoka akauliza, "Mnachoma nini wanangu?" nami ndiye niliyemjibu, "Takataka, Mama."

Aigbe akavuka mpaka hadi Kotonu, nchi jirani, akakaa huko miaka kumi na moja. Wewe ni wa hapa, Mama Ivie, unajua kwetu mwana wa kwanza ndiye anayemzika baba, na asipotimiza mazishi yale nyumba ya baba haiingii mkononi mwake. Baba yake Aigbe alifariki wakati yeye bado anaogopa kuonekana hata mpakani, mdogo wake akashika mazishi, na nyumba ile ya Siluko mpaka leo ni ya mdogo wake. Aigbe aliporudi alipanga chumba barabara ileile, mkabala na nyumba hiyo, akawa fundi wa cherehani. Gitaa hakuligusa tena.

Miaka ya tisini kituo kilipotupa santuri zake, niliichukua ile moja nikaificha kabatini kwangu, chini ya vyeti vyangu, nikiwaza kwamba nikifa itazikwa na karatasi nyingine.

Ndipo miaka mitatu iliyopita akaja Mholanzi mmoja, Bwana Joost, mwenye ndevu za mvi na magoti mabovu, anayezunguka Afrika Magharibi akitafuta fanki na disko za zamani ili azikusanye na kuzitoa upya. Akaambiwa na watu kwamba mkutubi wa zamani yupo hai. Nilipofungua kabati nimwonyeshe vyeti vyangu, aliiona yeye mwenyewe, akasoma ule wino mwekundu, akaketi sakafuni na magoti yake mabovu. "Baba," akaniambia, "huu ni ushahidi." Nilipaswa kusema hapohapo. Nilimpa kiti.

Mkusanyiko umetoka, Mama Ivie, santuri mbili kwenye jalada moja zuri, na ndani yake kijitabu chenye picha ya Aigbe wa miaka ishirini na tisa, na chini yake imeandikwa kwamba serikali ya kijeshi iliuogopa wimbo wake, na ukurasa unaofuata ni mimi, na tai, na maneno "Mtu aliyeuokoa". Kompyuta ziliweza kuisafisha mikwaruzo yote, lakini Bwana Joost akaomba iachwe minne ya mwanzo kwa heshima ya historia, kwa hiyo ukiuweka wimbo unasikia tak, tak, tak, tak, ndipo ngoma inaingia. Msumari wangu umechapwa nakala elfu tatu. Kwenye harusi vijana wanaupigia makofi. Mjukuu wangu alinivalisha vile vya masikioni akasema, "Babu, sikiliza mwanzo, hapo ndipo patamu!"

Na Aigbe amefufuka. Wanamwita Baba Sajini. Kanisani wanampisha benchi la mbele, mdogo wake anamsalimia kwa adabu ambayo hakuwa nayo, na kila Jumapili rafiki yangu ananiletea supu ya pilipili kwenye chupa ya chai na kuniita kutoka getini, "Prof! Mwokozi wangu! Umekula?" Ninakula, Mama Ivie. Ninakula na haishuki.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa kuna sherehe ya uzinduzi, na amesema atanipandisha jukwaani anipe kola, ile mbegu ya heshima na shukrani, mbele ya watu. Sijui nifanye nini. Nikisema ukweli ninampokonya heshima pekee aliyoipata maishani, kwamba aliogopwa na wenye bunduki. Nikinyamaza ninapokea kola yake kisha ninakufa. Nishauri, binti yangu, na uniwahi.

Mkutubi, Jiji la Benin

*

Mzee wangu Mkutubi,

Nakupigia goti kwa ajili ya umri wako. Sasa nasimama, maana ninayotaka kukuambia hayasemwi na mtu aliyepiga goti.

Nimesoma barua yako mara mbili na mara ya kwanza nililia. Kuishi na kitu hiki na kuletewa supu juu yake ni adhabu ambayo nisingeipendekeza kwa mtu. Pole, Baba. Lakini mara ya pili niliisoma kama unavyosoma wewe, na nikaona kitu.

Ulipoeleza nyimbo zile nyingine ulinitajia mkurugenzi, karatasi, na saini. Ulipofika kwa Aigbe ukaandika "amri ikaja", basi. Ilikuja na nani? Ilikuja kwa miguu? Na hao waliokuwa wakiuliza anakaa wapi, walikuuliza wewe, au walimuuliza nani? Na ule wimbo wako unaosema tuuache, mimi siuachi. Mtu mwenye shahada ya Ibadan haweki sentensi kwenye barua kwa bahati mbaya. Umekuja kwangu kukiri, Mzee, ukakiri nusu iliyo nyepesi, nusu nzito umeificha chini ya vyeti.

Kuhusu heshima ya Aigbe, usijifanye unamhurumia. Unajihurumia wewe. Hukumuuliza mwaka 1978 kama angependa kukimbia, na sasa unataka tena kumchagulia ajue nini na asijue nini kuhusu maisha yake mwenyewe. Umemchagulia vya kutosha. Mtu huyu alikosa kumzika baba yake. Ana haki ya kujua alikosa kwa sababu gani, hata kama sababu yenyewe ni ndogo. Hasa kama ni ndogo.

Basi sikiliza. Utakwenda kwake kabla ya Jumamosi, mchana, kwa miguu yako au kwa kubebwa. Usimwite kitandani kwako, ukimwita kitandani utakuwa umemwomba akuhurumie kabla hujafungua mdomo. Usibebe kola wala kinywaji, kwa sababu mwenye kupeleka kola anapeleka na ombi, na wewe huna la kuomba. Beba lile jalada lenye wino mwekundu. Mwambie sentensi yako ya kwanza kama ulivyoniandikia mimi, haina kasoro. Kisha umjibu swali langu: nani alisaini? Usiseme "lakini". Usiseme "nilikuwa kijana". Akikufukuza, ondoka. Akinyamaza, kaa.

Habari ya Bwana Joost na kijitabu chake aamue Aigbe, ni jina lake lililo juu ya wimbo. Wewe kaandike ukweli kwa wino mweusi, uusaini, umpe yeye auhifadhi au auchane.

Na tafadhali, Baba, usithubutu kufa kabla ya Jumamosi. Huo utakuwa utoro.

Mama Ivie

*

Jibu langu nililituma kwake moja kwa moja; barua hii ya pili aliileta Mkutubi mwenyewe kwa teksi, tukiwa tunaandaa ukurasa huu wa gazeti. Tumeichapa pamoja na majina kwa ruhusa ya wazee wote wawili. M.I.

Mama Ivie,

Nimekwenda. Kama Jumamosi nitakaa jukwaani au nyumbani sijui, hajaniambia, nami sikuuliza.

Nilimkuta anatia mafuta cherehani.

"Prof! Nani kakuruhusu kutoka kitandani?"

"Nimetoroka."

"Kaa basi, unayumba kama mlevi. Supu ipo."

"Supu baadaye, kama bado utataka kunipa."

Nikaweka jalada mezani, nikasema sentensi ile ya kwanza. Hakuinua hata kichwa.

"Hilo ndilo limekutoa kitandani? Najua ulikwaruza wewe. Nani mwingine alikuwa na msumari pale? Joost aliandika wanajeshi kwa sababu inasomeka vizuri. Wewe uliagizwa, ukafanya kazi yako, halafu ukakimbia kuja kuniambia. Nilishakusamehe nikiwa bado Kotonu, bwana. Kula."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba nilikula kijiko kimoja kwanza.

"Aigbe, hakuna aliyeniagiza."

Akaweka kichupa cha mafuta chini. "Mkurugenzi?"

"Alikuwa Lagos wiki nzima. Hakukuwa na karatasi."

"Na waliokuwa wakiuliza ninakaa wapi?"

"Hakuna aliyeuliza."

Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye ile nyumba ya baba yake. Mteja alikuja na suruali, akamwashiria kwa mkono aende.

"Miaka kumi na moja," alisema.

"Ndiyo."

"Baba yangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Wimbo wangu ule niliokuandikia tuuache ulitoka mwezi mmoja na wake, na asubuhi ile nilikuwa peke yangu maktabani nikipanga kadi za wasikilizaji walioomba nyimbo za kupigwa kwenye kipindi cha Jumamosi, na watu wa Benin nzima walikuwa wamechagua.

"Kadi zako zilikuwa mia mbili na kumi na tatu," nikamwambia.

"Na zako?"

"Moja."

Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Alinikazia macho tu, kama anavyolikazia macho tundu la sindano.

"Huyo mtu mmoja," akauliza, "alikuwa nani?"

"Mimi," nikasema. "Niliiandika kwa mkono wa kushoto."