Hati ya Hisa za Mama

Mkunazini, Unguja
9 Machi, 1967

Kaka Muhiddin,

Shikamoo. Nimeapa kukueleza yote leo, hata litakalonifedhehesha. Sisi wazima wa mwili, na Mama ametoka eda Jumamosi. Natumai nawe huko Tanga hujambo, na kazi ya reli yaenda vyema.

Jana nilifuatana na Mama kwenye ofisi ya kampuni ya barafu, kuchukua hati mpya ya zile hisa alizonunuliwa na Baba kwa jina lake, kwani ya zamani hatukuiona popote. Karani, Bwana Borafya, alifungua daftari la wenye hisa akapitisha kidole kwenye majina. Kisha akasema jina la Mama limepigwa mstari tangu Januari, na mwenye hisa sasa ni Ami Kificho. Mama akamwambia atazame vizuri, labda ni Mashavu mwengine. Akatugeuzia daftari tukaona wenyewe.

Tulipita kwa Ami. Alicheka, akamuuliza Mama tangu lini watu wa jikoni wakamiliki barafu, kisha akasema ameshapata mtu wa kumuuzia hisa hizo mwisho wa mwezi. Mama akamjibu kuwa marehemu hakumwachia nduguye hata kofia, sembuse hisa.

Kaka, kosa ni langu. Mama alipokuwa edani, Ami alisimama nje ya pazia akanipa fomu ya Kiingereza nijaze majina, kisha Mama atie dole gumba. Mama aliniuliza imeandikwa nini. Sikuifahamu, lakini niliona haya kusema hivyo, mimi ninayesifiwa darasani. Nikamjibu ni maombi ya hati mpya. Akaniamini, akatia dole. Kumbe alikuwa akimhamishia Ami hisa zote.

Leo asubuhi nimemwambia. Hakunipiga. Alikaa tu akilitazama dole lake.

Nimerudi peke yangu kwa Bwana Borafya nikamweleza. Amesema Ami aliapa kwamba hati ya zamani imepotea. Hati ndiyo shahidi wa mwenye mali. Ikionekana, wakubwa wa kampuni watazuia mauzo na kumsikiliza Mama. Bila hiyo, neno letu ni neno tu mbele ya karatasi yenye dole lake.

Mama akusalimu sana, na jirani yetu Bi Tabia pia. Mama anakumbuka kwamba Baba alikukabidhi bahasha iliyofungwa siku uliyosafiri, akakuusia uitunze. Tafadhali ifungue, unijibu kwa posta ya mwanzo: je, ndani yake mna hati yenye jina la Mama?

Mdogo wako,
Wanu