Kamba Iliyokatwa kwa Mkasi wa Vitambaa

Wandugu wa mapambano, mlioko mabwenini, viwandani, jikoni na nyuma ya kaunta, hii ni redio ya wanafunzi na hiki ni kipindi chenu cha Alhamisi. Leo nina barua moja tu. Mwenyewe ameomba niisome bila kupunguza neno, nami natii.

"Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka. Mimi na mume wangu ni mafundi cherehani, tunashona chumba kimoja, yeye dirishani mimi mlangoni, na kazi yetu ni ya kukaa, tunakaa tangu asubuhi mpaka macho yakatae uzi, na mwaka jana miguu ilianza kunivimba na kichwa kunigonga, nikaenda zahanati, nesi akanipima, akanipima tena, akasema presha iko juu, akanipa vidonge na kuniambia mwili niuhangaishe, nisiuweke kama mzigo uliosahauliwa stendi. Mshauri, mama yangu mzazi alianguka kwa kiharusi akianika nguo, hakusema neno tena mpaka tunamzika, kwa hiyo nilitoka pale na hofu ambayo sikumwambia mtu, hata mume wangu, maana wifi yangu ana mdomo, angetangaza mtaa mzima kwamba kaka yake ameoa mgonjwa.

Nikanunua kamba, nikawa naruka ua wa nyuma, pale pa kufulia, peku juu ya saruji, mume wangu akienda kununua vitambaa. Mwanzoni nilijikwaa na kuhema kama mvukuto, lakini mwili ukazoea, usingizi ukarudi, ngazi nikazipanda bila kushika ukuta, nikajiona nimepona, vidonge nikaviacha.

Sasa uelewe jambo moja, kila nguo ninayovaa ameishona yeye, na hajanipima tangu tuoane, anasema mwili wangu anao kichwani, na kweli hakuwahi kukosea. Juzi akanikatia gauni la harusi ya mdogo wake kwa vipimo hivyo vya kichwani, nikalivaa, likaning'inia kama pazia. Akachukua futi, akanipima kiuno, pini zake zikiwa mdomoni, kisha akazitoa moja moja na kusema, 'Fundi hapunguzi nguo bila mtu kumwomba. Wewe mwili huu umempunguzia nani?'

Nikacheka nikidhani ni utani wake, kumbe mwenzangu hatanii, na kesho yake wifi akampelekea habari kwamba mkeo anarukaruka uani kama mtoto wa shule. Akaifuata kamba, akaikata vipande kwa mkasi wa vitambaa, mshauri, mkasi ambao niliwahi kununiwa kwa sababu nilikatia karatasi, na hapo ndipo nilipojua ameumia kweli. Mama mkwe naye ameongeza lake, kwamba kuruka kunashusha kizazi. Jumapili wakubwa wa pande zote mbili wanakuja na nimeambiwa nichague kamba au ndoa. Nikisema nina presha, wifi amepata la kutangaza, nikinyamaza nimekubali mwanamume wa nje ambaye hayupo. Kila nikitaka kumwambia mume wangu ulimi unakuwa mzito, basi wewe isome, redio haizimwi chumbani mwetu, atasikia. Kichwa kimeanza tena kunigonga. Nifanye nini? Ni mimi, mke wa fundi."

Dada yangu, nitaanza na sahihi yako, kwa kuwa ndiyo iliyonikasirisha kuliko mengine yote. Mstari wa kwanza unasema nyote wawili ni mafundi. Mstari wa mwisho umebaki mke wa fundi. Nani alikunyang'anya ufundi wako katikati ya barua? Wewe mwenyewe, dada, kwa kalamu yako.

Sasa hasira yangu iende inakostahili. Nauliza: ni nani aliyeamua kwamba kamba ina umri, na ina jinsia? Msichana anairuka mpaka siku kifua kinapoanza kuonekana, ndipo anaambiwa tulia, kaa, funga miguu. Naye anatulia, anakaa, anakalishwa miaka thelathini, kisha moyo ukimchoka tunasema ni mapenzi ya Mungu. Bondia akiruka kamba mnalipa kiingilio kumtazama. Mwanamke akiiruka uani mwake mnamwitia kikao!

Wanaokuja Jumapili wajue wanachokwenda kukihukumu. Moyo ni msuli. Ukizoezwa hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na presha hupata nafuu. Mapafu hupanuka. Mifupa hukaza kwa sababu ya kule kutua na kutua tena, jambo ambalo kiti hakitaifanyia kamwe. Sukari ya mwilini hupata kazi ya kufanya badala ya kuzurura kwenye damu. Miguu hujifunza mizani, na mwenye mizani hadondoki ovyo uzeeni. Kiuno kilichopungua, shemeji, ni chenji tu ya manunuzi hayo.

Ndiyo, shemeji, nasema nawe, kwa kuwa mkeo ameniruhusu. Kiuno chake unakijua hadi robo ya inchi. Je, miguu yake iliyovimba chini ya cherehani, hatua mbili kutoka dirishani kwako, uliijua? Ulipima ulichokishona wewe, ukaacha kumtazama anayekivaa. Najua umeumia, na mtu haweki makali ya mkasi wake hatarini kwa jambo asilolijali. Lakini uliuliza swali moja, tena lenye jibu ndani yake, ukakata kabla ya kujibiwa. Hakuna fundi anayekata hivyo.

Nawe, dada, usishangilie. Umekosa mara mbili. Kosa la kwanza, uliogopa mdomo wa wifi kuliko ugonjwa uliomchukua mama yako. Heri wifi aisikie presha yako redioni kuliko kuipokea matangani kwako. Kosa la pili ndilo linaloweza kukuua: uliacha vidonge kwa kuwa umejisikia vizuri. Kamba na vidonge ni wakwe wawili wa nyumba moja. Humfukuzi mmoja kwa kuwa mwingine amekufanyia wema. Kichwa kinachogonga ndicho hicho kinachokukumbusha.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi nenda zahanati, uende na mumeo, umwambie nesi bila kuficha kwamba uliacha dawa. Mpaka akuruhusu, usiruke. Kichwa kikiuma kwa ghafla na kwa ukali, uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikugomea, hospitali papo hapo, hata kama mteja anasubiri nguo yake. Ukiruhusiwa, rudi polepole kama anayeanza upya: ruka kidogo, pumzika, ruka tena, inuka kwa kimo cha kupitisha kamba tu, zungusha viganja badala ya mabega, tua kwa mbele ya nyayo na magoti yakiwa laini. Vaa viatu, na saruji iwekee zulia kuukuu. Kuhusu kizazi, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba cha mwanamke mzima hakidondoki kama embe. Ila ukihisi uzito chini au mkojo unakuponyoka, mwambie nesi, usione haya.

Kikao cha Jumapili kisiahirishwe. Kaa mbele, zungumza wewe, na kila mkubwa atakayetaka kujua kuhusu mwili wako akunje mkono wa shati apimwe presha yake kwanza. Tutaona nani mgonjwa.

Na usisubiri Jumapili. Mumeo amekwisha kusikia, yuko hapo dirishani. Geuza kiti chako sasa hivi, umtazame, umwambie kwa sauti yako yale yaliyokuzidi uzito.

Wandugu, mkutano wetu ujao ni keshokutwa Jumamosi, saa moja kamili asubuhi, uwanja ulio nyuma ya maktaba ya chuo, na mafundi wote wa mtaa wamealikwa. Nesi wa chuo atakuwepo. Kamba ni ndefu, inahitaji watu wa kushika ncha zote mbili: asiyeruhusiwa kuruka atazungusha.