Laini Imefungwa, Dismasi Anajua Sababu

Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.
21 Februari 2020

Mpendwa mdogo wangu Hadija,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, mitumbwi mitatu imezama nami ndani na nikafika ufukweni kwa miguu yangu, kipindupindu kilipita humu nyumbani kikaniruka, na daktari aliyesema sifiki Idi tulimzika yeye kabla ya Idi. Kwa hiyo huko Tabora mtu akikwambia Jumanne amekufa kwa sababu simu yake haiiti, mwambie ni mwongo.

Assalaam aleikum. Hujambo lakini? Macho yako yanaendeleaje, yale maji yameacha kutoka? Na mguu wa shemeji Omari? Sisi huku hatujambo, tunakula muhogo na samaki wetu wa migebuka. Mvua haijui kuchoka. Ziwa limepanda mpaka kule ufukweni Katonga wauza dagaa wamehamisha vichanja vyao vya kuanikia.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi zile za kisomo cha watu wazima, ambako unajua nilikuwa wa kwanza. Usicheke mwandiko.

Sasa habari yenyewe. Laini yangu wameifunga. Imetangazwa kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, na vidole havipokelewi bila namba ya kitambulisho cha taifa, na namba inaombwa kwenye mtandao. Mtandao wenyewe mimi naujua kwa kusikia. Nikaenda kwa Dismasi, yule mwenye steshenari karibu na kisima, ana kompyuta moja na ulimi mrefu. Wazee wote tunapita kwake. Bila yeye serikali siku hizi hatuioni.

Akaniuliza asili yangu. Wewe unajua mtu wa Ujiji akiulizwa asili anajibuje. Nikanyoosha mgongo, nikamwambia sisi Wamanyema, asili yetu Kasongo, ng'ambo, babu wa babu yetu alivuka ziwa hili kabla Mjerumani hajalijua jina lake. Na mengine nikamwongezea. Yeye anagonga herufi tu, hainui uso. Nilizaliwa wapi hakuniuliza. Akaandika nimezaliwa Kongo.

Jibu lilipokuja halikuja kwangu, lilikuja kwenye simu yake, maana namba aliyoweka ni yake. Akalisoma kwa sauti mbele ya wanawake waliokuwa foleni, kisha akasema, "Mzee, mashine imekukataa. Wewe Mkongo. Tafuta gari urudi kambini."

Walicheka, Hadija. Bi Kuruthumu muuza mawese peke yake ndiye hakucheka.

Mkimbizi kwangu si tusi. Mwaka ule wa vita ya Kongo niliwavusha kwa mtumbwi wangu, marehemu mke wangu mkubwa akawapikia uji hapa uani, na wewe ulikuja ukakoroga. Lakini mtoto wa juzi aniambie nirudi kambini, katika mji kilipozikwa kitovu changu? Neno lile niliweka moyoni.

Na Mungu hakukawia. Huku mpakani, miaka hii ya wakimbizi, anayetiliwa shaka husimama mbele ya wazee wa kata mpaka mmoja aseme huyu namjua. Mimi ni katika wazee hao. Mashine hainitambui, lakini kutambua wengine naitwa mimi. Basi safari hii aliyeitwa ni Agnesi, mama yake Dismasi, mzaliwa wa Ilagala, hapa hapa Kigoma, kwa kuwa wanasema Kiha chake kinanuka Burundi. Na Dismasi mwenyewe, anayewaombea namba mji mzima, kumbe yake hana. Baba yake alikufa zamani bila cheti, ya mama imekwama, na yake imekwama nyuma ya mama. Mzee aliye hai anayewajua watu wa Ilagala wa wakati ule ni nani? Ni mimi.

Akaja hapa na sukari na shikamoo ndefu. Akasema taarifa zangu atazirekebisha siku hiyo hiyo, nimsaidie tu. Nikamwambia, "Mimi Mkongo, baba. Mkongo atamjuaje mtu wa Ilagala?" Sukari yake aliondoka nayo.

Siku ya kuitwa nilivaa kanzu ya Idi. Mwenyekiti Nikodemu akaniuliza kama namjua Agnesi. Nikasema namjua toka yuko tumboni, baba yake, Martini, nilivua naye dagaa palepale Ilagala, hata hilo kovu la mkononi najua ni mawese ya moto yalimmwagikia akiwa mtoto. Yule mama hana kosa nami. Wakampitisha. Alilia, akataka kunishika miguu.

Nikodemu akageuka. "Na huyu mwanawe, mzee?"

Nikamtazama Dismasi toka viatu mpaka kichwa. Nikasema, "Mama namjua. Huyu simjui."

Sikusema uongo. Amezaliwa mjini, mimi nikiwa ziwani. Agnesi aliacha kulia akaniangalia, nami nikaangalia mlango. Nikodemu akaandika.

Sasa Dismasi anakuja kila Ijumaa, anasimama nje ya uzio. Namwambia avumilie, uzee huu, nakumbuka polepole. Akitaka nimjue upesi, awaite wale wanawake palepale steshenari, atangaze kwa sauti ileile kwamba Jumanne Mrisho amezaliwa Ujiji. Anaona haya. Mimi sina haraka, wengi nimewashinda kwa kukaa tu.

Binti yangu Safina ananigombeza. Anasema nimsamehe, nipate laini, niongee na shangazi yake kabla hatujafa. Nimemwambia shangazi yake anajua kusoma.

Nisalimie shemeji Omari, na mwanao Musa na watoto wake wote. Barua anakuletea Feliksi wa lori la chumvi, mpe jibu arudi nalo. Mungu akuhifadhie macho uisome hii mpaka karatasi ichakae.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata bila laini,
Jumanne Mrisho

Ukidhani nimeongeza chumvi, muulize Bi Kuruthumu, alisikia nilivyotukanwa. Muulize Nikodemu, aliandika jibu langu. Dismasi naye atanishuhudia, siku nitakayokubali kwamba namjua.