Vitunguu Vimerudi Nyumbani

Wanangu,

Magunia ya sebuleni ni vitunguu vya mama yenu. Msiyakalie wala msiyasukume ukutani, yanataka hewa. Chakula kiko jikoni, pasheni moto.

Msishtuke, hajafukuzwa sokoni. Leo wakaguzi wa halmashauri wamepita kuangalia vibali, na Mama Nyanya wa meza ya pembeni amelazwa tangu jana. Sheria mnaijua: meza isiyo na mtu siku ya ukaguzi hupewa mwingine. Jirani anaruhusiwa kumshikia mgonjwa, ila mtu mmoja meza moja, lazima afunge yake mpaka mwenyewe apone. Watu wote wakainamisha macho. Mama yenu akafunga meza yake, akahamia ya Mama Nyanya.

Ndiyo, Mama Nyanya huyohuyo! Juzi tu walitaka kung'oana nywele kwa sababu meza moja imeingilia nyingine upana wa kiganja. Nikamuuliza, vipi tena? Akanijibu, "Ugomvi wangu ni na yeye, siyo na watoto wake. Beba magunia."

Nikabeba. Mgongo unauma, lakini nilitembea kifua mbele kama bwana harusi.

Akirudi ~~mpeni pole~~ hapana, mkimpa pole atawaka. Mpeni maji ya moto aloweke miguu, na mnyamaze.

Mimi natoka na kikapu. Miaka yote nimepigwa marufuku hata kuitupia jicho meza ile. Leo nakwenda kununua nyanya palepale, nione mama yenu atanikataza kwa mdomo gani.

Baba yenu, mchukuzi